Loth wa Sauti ya Tangawizi

Wengi mnamjua mume wangu kwenye simu. Mmemwona amesimama katikati ya shamba, kofia ya duka la pembejeo kichwani, anasema, "Wakulima wenzangu, hapa ni Sauti ya Tangawizi, mimi ni Loth." Basi mimi ndiye mkewe, Asteria. Nina haki ya kumsimulia kuliko mtu yeyote, maana mashati yake yenye damu nimeyafua mimi. Na kabla hamjaanza kunionea huruma, niwaambie mapema: katika haya nitakayosema yumo mwizi wa maji, na mwizi huyo ni mimi.

Loth hakusomea habari popote. Aliishia darasa la saba, akarithi shamba la tangawizi la baba yake huku kwetu milimani, juu ya Same, akaimba besi kwenye kwaya, akanioa. Alikuwa mtu mkimya hadi nilikuwa namtania kwamba anadaiwa maneno na mama yake. Kwa ukimya huohuo wazee wakampa kazi ya kugawa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kijiji, limejengwa kwa mawe na udongo tangu enzi za mababu. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na kila shamba lina zamu yake. Anayegawa hujipanga wa mwisho, watu wasije wakasema anajipendelea. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa wa mwisho, na sikulalamika, kwa sababu maji yalikuwa yanatosha.

Kisha mtoto wetu Anderson, anayeuza tangawizi sokoni Dar es Salaam, akamletea baba yake simu ya kisasa. Kila alfajiri Anderson alikuwa anamtajia bei ya huko, na Loth anairusha kwenye kundi la kijiji. Jamani, msione jambo dogo hilo. Kabla ya hapo bei tuliyoijua ni ile anayotamka dalali akiwa amesimama kwenye mzani wake, akichokonoa meno kwa kijiti kutudharau. Sasa bibi kizee anafika na gunia lake anasema, "Mwanangu, usinidanganye, Loth kashatuambia." Loth akaanza na mambo mengine: mvua zinaanza lini, tangawizi inayooza mizizi uing'oe na kuichoma, viwavijeshi wameonekana wapi. Watu walimpenda kweli, na mimi nilijivuna naye mpaka kanisani.

Dalali mmoja hakumpenda. Siku ya gulio aliwatuma vijana wake wanne pale kwenye mzani. Walimpiga kwa mipini ya sepetu, wakamwangusha, wakamkanyaga uso kwenye tope lile la kuoshea tangawizi. Simu ilidondoka pembeni ikiwa bado inarekodi. Watu waliona kila kitu laivu: mguu unapanda, mguu unashuka, na sauti ya mume wangu ikilia kama ya mbuzi anayechinjwa. Nilimkuta jioni kitandani, mdomo umevimba, anapapasa simu kwa kidole kimoja.

"Baba Anderson, meno mawili yametoka," nilimwambia.

"Wafuasi elfu ishirini, mama Anderson," akanijibu. "Jana walikuwa mia nane."

Hapo ndipo mume wangu alipoharibika. Alikuwa amejifunza kitu, na alichojifunza ni kwamba bei ya tangawizi inatazamwa na wenye tangawizi, lakini damu inatazamwa na kila mtu.

Mwaka uliofuata ng'ombe wa mfugaji mmoja, Sindato, waliingia kwenye mahindi ya watu kule tambarare. Wakulima walimpigia Loth kabla hata ya kumpigia mwenyekiti wao. Akashuka mlima kwa bodaboda akakuta mapanga yanafanya kazi. Alirekodi ng'ombe wawili waliokatwa mishipa ya miguu ya nyuma wakijaribu kusimama, wanaanguka, wanajaribu tena. Alirekodi Sindato akipigwa rungu mgongoni, na mkulima aliyechomwa mkuki pajani akipiga mayowe ya kumwita mama yake. Video ile ilizunguka Tanzania nzima. Wiki hiyo watu wengine watatu walilazwa kwa mikuki na mapanga, na wa pande zote mbili walikuwa na video ya Loth mfukoni, wanaonyeshana, wanapandishana hasira.

"Unawauzia watu damu," nilimwambia.

"Ninawapa habari za kilimo," akasema. Haki ya Mungu, alisema hivyo, mtu mzima na ndevu zake.

Sasa njoo kwenye maji. Msimu uliopita mvua zilitukimbia. Ndiva ilikuwa inajaa hadi magotini tu, na maji yalikuwa yanaisha kabla ya zamu yetu. Loth hakuwepo kuona. Alikuwa Same mjini, yuko Lembeni, yuko huko anakofuata ugomvi wa watu. Shamba nililishika peke yangu, nikawa naangalia majani yakigeuka manjano na kujikunja, na mizizi chini haijawa hata na ukubwa wa kidole gumba. Nilipomwomba atusogeze zamu mara moja tu, alinirekodi nikiomba, kisha akairusha ili watu waone jinsi alivyo mwadilifu! Watu walimsifu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi Jumapili moja nilisema kichwa kinaniuma. Kijiji kizima kilipokuwa kanisani nilikwenda kwa kaka yangu Hezroni, ambaye naye alikuwa amebaki kumwangalia ng'ombe wake anayekaribia kuzaa, nikamwomba jembe kwa sababu langu lilikuwa limevunjika mpini. Hakuuliza la nini. Nilipanda kwenye ndiva, nikabomoa udongo wa mlango, nikaelekeza maji shambani kwangu. Yalitiririka vizuri hadi nikacheka mwenyewe. Halafu nikasikia mzee Elibariki, mlinzi wa ndiva, anakohoa njiani. Nikakimbia na kanga imelowa mpaka kiunoni. Jembe nikaliacha palepale.

Ninyi msio wa huku lazima mwelewe hapa. Sisi Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, na pengine ni kweli, ndiyo maana wazee waliweka utaratibu wa kuepusha kesi za maji. Jembe la mwizi likikamatwa, linasimamishwa kwenye ukuta wa ndiva, mdomo juu. Hakuna anayetaja ni la nani, hata kama kila mtu analitambua kwa mpini wake. Mwenyewe ana siku tatu. Anakwenda kimya kimya kwa mlinzi na jogoo na kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, anachukua jembe lake, yamekwisha. Ukimtaja mtu jina kabla ya siku tatu, kosa linakuwa lako. Ndivyo tulivyoishi tukinyang'anyana maji miaka yote bila kuuana.

Jioni ile nilirudi kwa Hezroni nikamweleza nikilia. Kaka yangu alicheka hadi akashika mbavu.

"Mke wa mgawa maji!" alisema. "Nyamaza, mdogo wangu. Jembe ni langu, nitapeleka jogoo mwenyewe Jumatano. Loth asijue, atakutoa kwenye simu."

Lakini Jumatatu asubuhi Loth alipanda kwenye ndiva, akaliona jembe. Hakulitambua. Angelitambuaje? Miaka miwili alikuwa hajashika mpini wa jembe. Mzee Elibariki alimkataza mara mbili, akamwambia siku tatu hazijaisha, lakini mume wangu akaliinua mbele ya kamera, akaligeuzageuza, akauonyesha mpini uliopinda na ule mpira wa baiskeli uliofungwa juu. "Tangawizi zetu zinakufa," akasema, "na huyu ananyonya maji yetu. Nani analitambua jembe hili?"

Waliolitambua hawakuchukua hata nusu saa. Jina la kaka yangu likaandikwa chini ya video, mara kumi, mara mia. Watu wa Dodoma, watu wa Mbeya, watu wasioijua ndiva wala tangawizi, wanaandika achomwe, akatwe mikono, tupeni lokesheni. Nilimwambia Loth aifute, huyo ni shemeji yake. Rangi ilimshuka, nakubali, rangi ilimshuka kabisa. Kisha akasema, "Nikifuta watasema namkinga ndugu wa mke wangu. Mwizi ni mwizi, mama Anderson."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo nilikuwa nao. Niliogopa. Nilimwogopa Loth, niliiogopa ile simu, niliogopa jina langu kuandikwa na watu wa Mbeya. Nikajiambia kesho itapoa.

Usiku huo walifyeka migomba ya Hezroni yote na kumkata ng'ombe wake tumbo, yule mwenye mimba. Asubuhi ya Jumanne alimkuta amelala juu ya utumbo wake na ndama nusu nje. Saa sita mchana, siku ya gulio, kaka yangu akaja kwetu. Panga lilikuwa mkononi, bado lina manyoya ya ng'ombe, maana alikuwa amelazimika kummalizia.

Nilikuwa uani natwanga mahindi ya makande. Loth alikuwa kwenye kigoda.

"Shemeji," Hezroni alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuomba kabisa. "Toa jembe langu humo ndani ya simu. Nakuomba."

Mnajua Loth alifanya nini? Alinyanyua simu, akaiwasha laivu. "Karibu, shemeji. Wakulima wanakusikiliza. Waeleze kwa nini uliiba maji."

Hezroni hakumtazama Loth. Alinitazama mimi. Alinitazama hivi, akisubiri, na najua alikuwa ananipa nafasi. Ningesema maneno matatu tu. Nikainamisha kichwa nikatwanga.

"Sema, shemeji, usiogope kamera," Loth akasema, akaisogeza simu karibu na uso wake.

Kaka yangu akapiga. Panga lilipita kwenye mkono ulioshika simu, na vidole vitatu vya mume wangu vikaanguka kwenye vumbi pamoja na simu yenyewe. Loth hakulia mwanzoni. Alikiangalia kiganja kana kwamba ni cha mtu mwingine, damu ikimrukia shingoni, ndipo akatoa ukelele. Hezroni akainua panga tena. Sikujua kama alikusudia kumpiga au lilikuwa limeinuka tu kwa hasira, sijui mpaka leo. Mimi nilikuwa na mchi mikononi. Nilimpiga nao kaka yangu kichwani, kwa nguvu zote nilizo nazo, na nilisikia mfupa.

Alianguka kifudifudi. Alijaribu kujiinua kwa viwiko, akashindwa. "Asteria," alisema, "na wewe?"

Nilimfunga Loth mkono kwa kanga yangu. Sikuwa nimemaliza nilipowasikia. Simu ilikuwa bado inarusha, imelala vumbini inaangalia mbingu, na pale kwenye mzani wa gulio, mwendo wa dakika tano kutoka kwetu, bodaboda na wapakiaji wa magunia walikuwa wameikodolea macho video hiyo kwenye simu zao. Walikuja wakikimbia. Walikuwa arobaini, labda hamsini, wengine nimewabeba mgongoni wakiwa wachanga. Wa kwanza alifika akampiga Hezroni teke la mbavu kabla hata ya kusimama vizuri. Wa pili alikuwa na tofali.

Nilimlalia. Nilimlalia kaka yangu kama mtu anavyolalia mtoto, nikapigwa fimbo mbili za mgongo, nikapiga kelele hadi koo likachubuka: "Ni mimi! Mwizi wa maji ni mimi! Jembe niliazima! Jumapili mkiwa kanisani, ni mimi!"

Wakasita. Naapa walisita, fimbo zikabaki juu. Mmoja akasema, "Dada mtu anamtetea." Mwingine akasema, "Hapana, msikilizeni kwanza." Nikaiokota simu ile yenye damu, nikaielekeza usoni kwangu, nikarudia yote, jembe, kanga iliyolowa, kikohozi cha mzee Elibariki. Nilitaja hata mstari gani wa tangawizi ulipata maji. Yule mwenye tofali akamgeukia mume wangu.

"Mzee Loth, wewe ndiwe mgawa maji na ndiwe mwenye habari. Ni kweli anachosema mkeo?"

Loth alikuwa ameegemea ukuta, uso mweupe kama unga wa muhogo, kanga inadondosha damu. Alinitazama. Alikuwa ameiona kanga yangu Jumapili kwenye kamba, aliniuliza mbona nimefua siku ya Bwana, nikamwambia nimemwagikiwa na maji ya kunywa. Nilimwona anakumbuka. Nilimwona anajua. Na nilimwona anawatazama wale vijana, mawe yao, kisha ananitazama mimi tena.

"Anaropoka kwa uchungu," mume wangu alisema. "Mwondoeni hapo."

Waliniondoa. Wanaume wanne walinishika mikono na miguu wakanibana kwenye ukuta wa jikoni, na nikaona. Sitawaelezea yote. Tofali lilishuka mara ya kwanza likampata begani, na kaka yangu akasema, "Jamani." La pili hakusema kitu. Baadaye walikuwa wanapiga tu, hata walipokuwa wanajua amekwisha kufa, kwa sababu kila aliyechelewa kufika alitaka naye apige. Mmoja alikuwa anapiga kwa mkono mmoja na kurekodi kwa mkono mwingine. Polisi walifika saa tisa wakakamata watu saba, na waliokimbia ni wengi kuliko hao.

Loth alilazwa hospitali siku kumi na mbili. Nilikwenda siku ya tano, baada ya kuzika. Ukurasa wake ulikuwa na watu laki mbili na zaidi, wanampa pole, wanamwita shujaa wa wakulima. Alikuwa ameugeuza uso ukutani.

"Ningesema kweli wangekugeukia wewe," alisema. "Wangekuua palepale. Nilikuokoa, mama Anderson."

"Nilijua watanigeukia," nikamjibu. "Ulidhani nilisema kwa sababu gani?"

Alilia. Nami nilikuwa na hasira hadi nikatamani kumshika ule mkono wenye bandeji niuminye. Sikumshika. Nilimlisha uji wake, kijiko kwa kijiko, nikaondoka.

Kutoka hospitali nilikwenda polisi, nikaeleza. Askari aliandika, akafunga daftari, akaniambia pole na msiba, mama, kapumzike. Nilimwambia mchungaji. Akaniombea nipate amani. Nilisimama kwenye mkutano wa ndiva nikasema mbele ya watu wote, na wanawake wakaja kunishika mabega wakanikalisha. Kila mtu ameiona video. Kila mtu amemsikia Loth akisema naropoka, na Loth ndiye mwenye habari. Yeye sasa yuko tayari kuusema ukweli, amenikubalia, lakini anataka ausemee kwenye ukurasa wake, na mimi nimemkatalia. Nimemwambia aende kwa miguu, nyumba kwa nyumba, avue kofia na aseme. Bado hajaanza.

Aliyebaki ni Koleta, mjane wa kaka yangu. Nilimkwepa wiki tatu. Jana asubuhi nilikwenda. Alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti hapo nje, nikamwambia yote, kuanzia jembe mpaka mchi. Nilitegemea anipige. Nilitamani anipige.

Koleta aliendelea kupukuchua hadi gunzi likaisha.

"Najua, wifi," alisema. "Hezroni aliniambia Jumapili ileile. Jumatatu nilitaka kwenda kupiga kelele kwenu, akanikataza. Akasema, mwache Asteria, ataisema mwenyewe, ni dada yangu namjua, mpe siku mbili."

Kisha akachukua ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.